Chatu mchanga mwoga: umshike kila siku au umwache azoee?

Chatu mdogo wa Afrika Magharibi, yule anayejiviringa kama mpira akiogopa, hutoka kwenye yai akiwa na nusu mita au pungufu. Kwake mkono wako ni kipanga, ndiyo maana anapuliza na kurusha kichwa.

Wanaosema mshike kila siku wana ukweli kiasi: wengine hutulia kweli, na mfugaji naye anaacha woga mapema. Meno ya kitoto hiki hayazidi mkwaruzo wa paka. Shida ni kwamba kutulia kwingine si kuzoea. Mtazame: mwili kaukaza, kichwa kakificha katikati ya mviringo, na panya unayempa hamgusi. Chatu hawa kwa kususa chakula ndio wenyewe.

Kumzoesha taratibu kunachosha kuliko kunavyosikika. Wiki ya kwanza, hata mbili, unabadilisha maji, unafunga, unaondoka. Akishakula vizuri mara kadhaa, mguse mgongoni kwa fimbo ya ndoano ajue si saa ya kula, kisha mwinue kutokea ubavuni, kamwe si kutoka juu. Dakika tano zinatosha. Mrudishe akiwa ametulia. Ukimrudisha anapopuliza, umemfundisha kupuliza.

Mimi niko na hii ya pili, ila usiivute miezi ukiita subira kumbe ni woga wako. Kwa vyovyote vile, saa 48 baada ya kula usimshike, anaweza kutapika. Na macho yakifanya ukungu wa kibuluu, anakaribia kujivua gamba: funga boksi.