Kifurushi cha kupimia kidonda sugu nyumbani: plastiki ya miraba imeishinda simu

Kwa wiki 12 nimetumia kifurushi cha bei nafuu cha kufuatilia uponaji wa kidonda cha mama yangu, ambaye ana kisukari na kidonda chake kiko chini ya kidole gumba cha mguu. Kisandukuni mna kipimajoto cha infraredi, karatasi za plastiki angavu zenye miraba ya nusu sentimita, vijikaratasi vya kupimia pH, yaani kiwango cha asidi, na stika ya vipimo inayobandikwa kando ya kidonda kabla ya kukipiga picha kwa programu ya simu. Maelezo ya kisanduku yanaisifu zaidi programu. Mimi ningemshauri mnunuzi aanze na plastiki.

Plastiki hulazwa juu ya kidonda kilichosafishwa, ikitanguliwa na utando safi ambao hutupwa baadaye, kisha ukingo huchorwa kwa kalamu na miraba ikahesabiwa. Siku ya kwanza rula ilinipa urefu wa sentimita 3 na upana wa 2, yaani sentimita 6 za mraba, ilhali miraba ilikuwa 19, sawa na 4.75. Kidonda hakina pembe nne, ndiyo maana rula hukikuza. Nayo programu, ndani ya saa moja, ilitoa 5.1 dirishani na 4.2 chini ya taa. Mguu ukiinama kidogo tu mbele ya kamera, eneo hupungua bila kidonda kupona hata chembe.

Hesabu hii ina uzito. Kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari, waganga hutazama kama eneo limepungua kwa nusu ifikapo wiki ya 4. Lisipopungua hivyo, uwezekano wa kidonda kufunga ndani ya wiki 12 huwa mdogo, na matibabu huangaliwa upya. Wiki ya 4 sisi tulikuwa bado na miraba 14. Bandeji ilikuwa safi, harufu haikuwepo, na mama alisema mguu hauumi, kauli isiyomtuliza yeyote anayejua jinsi kisukari kinavyofisha ganzi nyayo. Nilibeba plastiki zote hadi kliniki. Muuguzi akazipanga moja juu ya nyingine, akaona ukingo wa upande wa ndani haujasogea tangu mwanzo, akaomba kiatu. Mshono wa kiatu ulikuwa ukigandamiza papo hapo.

Kipimajoto nacho kinastahili sifa, hasa kwa ngozi nyeusi ambayo wekundu wa uvimbe hauonekani upesi. Hupimwa sehemu zilezile za miguu yote miwili, baada ya miguu kukaa wazi dakika kama 10, na tofauti ya nyuzi 2.2 za Selsiasi inayoendelea kwa siku mbili ni sababu ya kupunguza kutembea na kuwasiliana na kliniki. Ila kiwekwe kwenye hali ya kupima uso wa kitu, kwa sababu hali ya paji la uso huongeza marekebisho ili kukisia joto la mwili, na kijitabu kimeificha habari hiyo ukurasa wa mwisho.

Vijikaratasi vya pH sitavinunua tena. Ni kweli kwamba ngozi isiyo na jeraha huwa na asidi kidogo, kati ya 4 na 6, na kidonda kisichopona mara nyingi huzidi 7, lakini mabaki ya sabuni au tone la damu huvuruga rangi, na hata pH sahihi haithibitishi maambukizi.

Kosa lililonikera zaidi ni la programu. Muuguzi alipokata nyama iliyokufa, kidonda kilipanuka kama inavyotarajiwa, na simu ikatangaza kwa herufi nyekundu kwamba hali imezorota. Mama alikataa chakula jioni ile. Hakuna pia chombo humo kinachopima kina, kwa hiyo shimo linaloelekea mfupani litabaki kuwa kazi ya kliniki.

Wiki ya 12 nilihesabu miraba 2. Programu ilikataa picha, ikidai haioni kidonda.