Pa kuweka msimbo na taarifa za hitilafu: chaguo nne kwa miradi huria ya Mbeya na Iringa

Msimbo wenyewe, ukitunzwa kwa Git (programu ya kuhifadhi msimbo na historia yake), unahama kirahisi: git clone --mirror, kisha git push --mirror kwenda makazi mapya. Tiketi za hitilafu, yaani taarifa za makosa ya programu, hazimo ndani ya Git. Zinabaki kwenye seva mlikozifungulia, pamoja na mijadala na lebo zake. Basi chagueni kwa kupima tiketi kwanza.

Tunaanza na GitHub, tovuti ya kuweka msimbo na tiketi. Mtumiaji aliyekwama hafungui akaunti mpya ili aripoti kosa moja. Anaacha programu kimya kimya. Huku wengi wana akaunti tayari, na hazina (mahali pa msimbo wa mradi) ya wazi hailipiwi. Wekeni kiolezo kwenye .github/ISSUE_TEMPLATE kinachouliza toleo, mfumo endeshi, hatua za kurudia kosa na ujumbe uliotokea, la sivyo mtaletewa "haifanyi kazi" tupu. Faili linalozidi MB 100 hukataliwa. Mara nyingi ni nakala ya hifadhidata iliyopenya bila kukusudiwa, na kulifuta leo hakusaidii kwa kuwa bado limo katika historia. Litoeni kwa git filter-repo, chombo cha kusafisha historia hiyo.

Nafasi ya pili ni Codeberg, shirika lisilo la faida la Berlin linaloendesha Forgejo (programu huria ya kuweka msimbo na tiketi) na kupokea miradi yenye leseni huria. Kurasa zake ni nyepesi, jambo zito kwa anayetumia bando la simu. Forgejo huingiza hazina ya GitHub pamoja na tiketi zake, mradi mwipe tokeni, yaani ufunguo wa kuingilia akaunti yenu ya GitHub.

GitLab, tovuti nyingine ya aina hiyo, ni ya tatu. Ina nguvu kwenye majaribio ya kiotomatiki, ila kwa timu ndogo ni mzigo.

Seva yenu wenyewe tunaiweka mwisho. Forgejo na SQLite (hifadhidata nyepesi ya faili moja) hutosheka na seva ya kukodi yenye GB 1 ya RAM. Msiiweke ofisini Mwanjelwa kwa modemu ya simu: umeme ukikatika tiketi hazionekani, na laini nyingi za simu hazina anwani ya IP ya umma, hivyo mtu wa nje haifikii kabisa. Tumieni forgejo dump kila usiku, nakala ikae kwenye mashine nyingine.

Mkibaki GitHub, chukueni nakala ya tiketi kila mwezi kwa gh, programu ya GitHub ya mstari wa amri:

gh issue list --state all --limit 5000 --json number,title,body,comments > tiketi.json

Mkiacha --limit mtapata 30 tu. Mkiacha --state zilizofungwa hazitakuwemo.