Karakana ya Mwanga, Kigoma: kazi ya breki na beringi kwa pikipiki iliyotumika

Anayenunua pikipiki iliyotumika mjini Kigoma ni vyema aanze na breki kabla ya kuuliza habari za injini, kwa kuwa mteremko wa kutoka Mwanga hadi stesheni ya reli hauna mzaha. Yangu, ya cc 125 yenye breki za ngoma mbele na nyuma, ilikuwa ikivuma tairi la nyuma na kushika breki kwa kusitasita, ingawa muuzaji alinihakikishia kwamba ni suala la kukaza nati ya kurekebishia breki tu. Niliipeleka katika karakana ndogo ya Mwanga, isiyo hata na kibao.

Fundi hakuigusa nati hiyo. Aliisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, akashika tairi juu na chini, akalisukuma kushoto na kulia, nalo likacheza waziwazi. Akanieleza kwamba beringi, yaani ringi mbili zenye gololi katikati zinazolibeba tairi likizunguka, ikishachoka ngoma huyumba mbele ya shuu, vile vipande vinavyoisugua ngoma kwa ndani, na ndiyo maana breki hushika na kuachia. Kukaza nati kungeficha tatizo kwa muda mfupi huku shuu zikiendelea kuliwa upande mmoja. Tairi lilipotoka, mpira wa beringi iliyo upande wa ngoma ulikuwa umechanika, grisi imegeuka tope lenye mchanga, na sehemu yake imevujia kwenye shuu. Alisema huliona jambo hilo mara kwa mara kwa pikipiki zinazopakia samaki kwenye mwalo wa Kibirizi, ambako tairi huingia majini.

Lililonifanya nimwamini ni kukataa kwake kuzirudisha shuu zile. Mafundi wengi huzisuuza kwa petroli, huzichoma moto kidogo, kisha huzipiga msasa, wakati mafuta yaliyokwisha kunyonywa na lainingi, yaani utando wa shuu unaosugua, hubaki ndani na kujitokeza tena breki inapopata joto. Kwa upande wa beringi, alinisomea namba 6301 iliyochongwa kwenye ringi, yaani kipenyo cha ndani milimita 12, cha nje 37 na unene 12, akanituma dukani kutafuta zenye alama ya 2RS, ambazo zina mpira pande zote mbili, badala ya ZZ zenye kifuniko cha bati, ambacho hakizuii maji vizuri.

Ufungaji wenyewe ulistahili kutazamwa. Alisafisha habu, yaani kitovu cha gurudumu beringi zinamokaa, akaweka juu ya beringi soketi inayolingana na ringi ya nje, kisha akagonga taratibu, kwa sababu pigo likipitia ringi ya ndani gololi huacha vidonda kwenye njia zake, na beringi mpya huanza kuvuma mapema. Mlio wa nyundo ulipobadilika na kuwa mzito, aliacha: beringi ilikuwa imekaa. Kabla ya kuingiza ya pili alihakikisha kibomba kinachokaa katikati ya beringi mbili kimo ndani, maana bila hicho nati ya ekseli hubana beringi zote mbili kwa ubavu. Alimaliza kwa kupaka grisi kidogo sana kwenye kemu ya breki, inayotanua shuu pedali inapokanyagwa, na kuiachia pedali nafasi ya takriban sentimita mbili kabla ya kushika.

Dosari zipo. Karakana haina vipuri, hivyo mteja ndiye anayezunguka madukani, risiti haitolewi, na kazi niliyoahidiwa kuikuta adhuhuri niliichukua jioni. Bei ya ufundi ni ya juu kidogo kuliko ya vijiweni, nami siilalamikii. Ninachokilalamikia ni kwamba ngoma ilikaguliwa kwa ukucha tu, ilhali kikomo cha kipenyo chake huwa kimeandikwa ndani, na kwamba vumbi la shuu lilipulizwa kwa upepo wa kompresa mbele ya vijana wanaojifunza kazi, wakati lingeweza kufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Kwa breki za ngoma na beringi ningewaelekeza wenzangu huko bila kusita. Kwa breki za diski nina shaka, kwani nilimwona akimwongezea mteja mwingine mafuta ya breki kutoka kwenye chupa iliyokuwa wazi kando ya mlango, na mafuta ya DOT 3 au DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, kisha huchemka mapema breki inapopata joto. Mwenye diski afike na chupa yake mpya, ifunguliwe mbele yake.