Kamera Nne, Waya na Betri: Uzoefu Wangu wa Kuchagua Mfumo wa CCTV wa Bei Nafuu

Pampu ya maji ya nyumba yetu ya Goba, Dar es Salaam, iliibwa usiku ambao kamera ilikuwapo ukutani lakini umeme haukuwapo. Ilikuwa kamera ya waifai ya kuchomeka kwenye soketi, yenye kadi ya kumbukumbu ya GB 64, na mwuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba inatosha kabisa kwa nyumba ya kawaida. Picha ya mwisho kwenye kadi ilikuwa ya saa 3 usiku, paka akivuka baraza. Baada ya hapo hapakuwa na kitu mpaka alfajiri. Nilipoanza kutafuta mfumo wa pili, karibu kila niliyemwuliza alinieleza ubora wa picha, wala hakuna aliyegusia jambo ambalo sasa naliweka mbele ya mengine yote, yaani umeme ukikatika mfumo utaendelea kurekodi kwa muda gani.

Bajeti yangu ilikuwa shilingi 800,000 pamoja na ufundi. Nilizunguka maduka ya Kariakoo kwa siku mbili, na chapa nilizozikuta kila mahali ni Hikvision na Dahua, huku kamera ndogo za waifai za Tapo na EZVIZ zikiuzwa pembeni. Kamera za waifai sizidharau, kwa sababu mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa kuta hana njia iliyo rahisi kuliko hiyo. Nyumba yangu lakini ina pande nne za kulindwa, na intaneti yetu ni ya rauta ya laini ya simu inayolipiwa kwa bando. Nilichagua mfumo wa waya: kamera 4 za megapikseli 2, mashine ya kurekodia ya chaneli 4 ambayo mafundi huiita DVR, diski ya TB 1, na waya wa picha wa aina ya RG59 ulioambatana na nyuzi za umeme. Mfumo wa namna hii hurekodi hata bando likiisha. Intaneti inahitajika pale tu ninapotaka kuangalia nyumba kwa simu nikiwa mbali, na hapo huchagua picha ya ubora mdogo, kwani video ya megabiti 2 kwa sekunde hula karibu MB 900 kwa saa moja.

Mwuzaji aliniahidi kwamba diski ya TB 1 ingehifadhi picha za mwezi mzima. Niliikalia hesabu hiyo kwa kalamu. Kamera moja ikirekodi mchana na usiku kwa megabiti 2 kwa sekunde hutumia takribani GB 21.6 kwa siku, kamera 4 zinafika GB 86, na diski hujaa baada ya siku 11 hivi, ndipo mashine inapoanza kufuta za zamani. Mwezi unawezekana, ila kwa kurekodi pale tu panapotokea mwendo, au kwa kutumia mfumo wa kubana video wa H.265, ambao kwa kawaida huchukua karibu nusu ya nafasi ya mfumo wa zamani wa H.264. Mimi nimeiacha kamera ya geti irekodi saa zote, nazo tatu zilizobaki hurekodi mwendo peke yake.

Kuhusu umeme nilitumia muda mwingi zaidi, na sijutii. DVR na kamera 4, taa zake za usiku zikiwaka, hutumia kama wati 30. UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, ikiwa ndogo ya VA 650 mara nyingi huwa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani wati-saa 84 kwa hesabu ya karatasi. Nilipoizima swichi kuu ya nyumba nikakaa na saa mkononi, mfumo ulidumu saa 1 na dakika 40, kwa kuwa sehemu ya nishati hupotea umeme unapopandishwa hadi volti 230 kisha kushushwa tena hadi 12. Ningemsihi kila mnunuzi afanye jaribio hilo fundi akiwa bado hajaondoka.

Waya ndio sehemu niliyoumia. Fundi wa kwanza alileta waya wa bei ya chini, ambao kumbe ulikuwa wa alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kwa uhafifu kuliko shaba. Kamera ya nyuma, iliyo umbali wa mita 40, ilifanya kazi vizuri mchana, lakini kila taa zake za usiku, za infraredi, zilipowaka jioni picha ilikatika, kwa sababu volti zilikuwa zimeshuka njiani. Nililipa mara ya pili ili kuvuta waya wa shaba halisi. Fundi wa pili ndiye aliyeishusha pia kamera ya geti kutoka karibu mita 4 hadi mita 2.5. Aliniambia, “Mama, kule juu utapata kofia za watu, sura hutazipata.” Tulimtuma kijana wangu apite getini usiku, mara ya kwanza amevaa kofia na mara ya pili bila kofia, na safari zote mbili uso wake ulitambulika. Kamera ya barazani nayo tuliisogeza, kwa kuwa mwanga wake ulikuwa unagonga dari jeupe na kurudi, ukiifanya picha nzima iwe na ukungu.

Mipangilio ya mashine nayo isiachwe kama ilivyotoka kiwandani. Saa ya DVR yangu ilifuata majira ya China, mbele yetu kwa saa 5, na ushahidi wenye saa isiyo sahihi huzua maswali kituo cha polisi. Nywila niliibadilisha siku ileile. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na DVR nyingi duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani. Kamera ya ubavuni ilikuwa inaona ua wa jirani yangu, bibi anayeishi na wajukuu. Nilimwendea, nikamwonyesha kwenye simu, kisha tukaliziba eneo hilo kwa rangi nyeusi ndani ya mipangilio. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwapo, nisingependa mtu aangalie kamba yangu ya kuanikia nguo.

Gharama yote, pamoja na UPS na waya niliourudia, ilifika shilingi 870,000. DVR iko ndani ya kabati lenye kufuli chumbani, maana mwizi akiibeba ameondoka na picha zake. Kila mwezi nafuta utando wa buibui mbele ya lenzi, ambao usiku hung'aa na kuamsha kengele za bure kwenye simu.

Mwezi uliopita umeme ulikatika saa 7 usiku ukarudi saa 10. Mfumo ulirekodi hadi saa 8 na dakika 38, ukazima. Pampu mpya ilikuwapo asubuhi, lakini saa ile na ushei isiyo na picha ndiyo iliyonifanya nianze kuweka akiba ya betri ya ampea-saa 40, ambayo fundi ataiunganisha moja kwa moja kwenye volti 12 bila kupitia UPS.