Bastola ya babu: uzoefu wangu na mtambuzi wa silaha za zamani

Naandika haya kwa yeyote aliyerithi silaha ya vita na hajui aanzie wapi. Mimi nilianza vibaya, na kunipotea shilingi 8,000 kumeniuma.

Ami yangu alipofariki tuligawana vyombo vya nyumba yetu ya Shela, hapa Malindi, na kasha la babu likaniangukia mimi. Chini kabisa, ndani ya kanzu kuukuu iliyofungwa kwa kamba, mlikuwa na bastola, risasi tatu zilizoota kutu ya kijani, na nyota ya shaba yenye utepe. Bastola yenyewe sikuwa nimeiona maishani, lakini habari zake nilizijua tangu utotoni: babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles la Waingereza, akapigana Tanga, akamnyang'anya Mjerumani bastola yake. Kila Idi, watu wakishakula, lazima mmoja aisimulie.

Mtu wa kwanza nilimpata mtandaoni. Nilimpigia picha mbili za haraka, nikamweleza kisa cha Tanga, nikalipa. Haikupita saa moja akajibu kwamba ni rivolva ya jeshi la Ujerumani, modeli ya 1883. Nilifurahi sana. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba Mjerumani nilimtaja mimi kwenye ujumbe wangu wa kwanza, naye akanirudishia maneno yangu mwenyewe. Hakuniuliza hata mara moja kama polisi wana habari.

Hilo la polisi ndilo lililoninyima usingizi. Wakili anayeijua familia yetu alinigombeza kama mtoto: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka cheti, na "ni ya marehemu babu" si cheti. Akapiga simu yeye mwenyewe. Maafisa walikuja nyumbani, wakazichukua risasi kwanza kwa tahadhari kubwa (usizishike risasi za zamani, tafadhali, wala usizisugue), kisha bastola. Nilikaa kituoni tangu asubuhi hadi alasiri kuandikisha maelezo, nikarudi na namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, mfukoni na moyo mwepesi.

Wakili huyo ndiye aliyenipa namba ya mtaalamu wa pili, mzee mstaafu aliyekuwa fundi wa silaha jeshini, ambaye anafanya utambuzi kwa simu akiwa Mombasa. Salamu zilipokwisha, swali lake la kwanza: "Namba ya OB unayo, mwanangu?" Bila hiyo haangalii hata picha moja. La pili lilinishangaza zaidi. Nilipoanza kumweleza habari za Tanga alinikatiza: "Hadithi niwekee. Nitaiomba baadaye."

Akanitumia maagizo ya kupiga picha, na hapa ndipo nilipoona ninashughulika na mjuzi. Upande wa kushoto, wa kulia, mdomo wa mtutu ukiwa na rula pembeni, chini ya kitako, na kila palipo na herufi au namba. Herufi zilizofutika zisisuguliwe kwa msasa (binamu yangu alikuwa ameshaushika!), bali zimulikwe kwa tochi kutoka ubavuni ili kivuli kizijaze. Afisa mwenye zamu ya ghala la silaha alinisaidia kupiga picha zote palepale kituoni.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja. Ni bastola ya Italia, Bodeo, modeli ya 1889, ile waliyopewa askari wa kawaida. Na aliniongoza mpaka nikaona kwa macho yangu. Mtutu una pande nane. Ule wa maafisa ni wa mviringo. Kifyatulio hakina kikingio chochote, kinakunjwa mbele kikalala chini ya bastola, halafu kinashushwa wakati wa kupiga. Sisi sote tulidhani kimevunjika! Ile ya Kijerumani ya 1883 ina kikingio, tena ina kitasa cha usalama upande wa kushoto, yetu haina. Risasi ni za milimita 10.35, silinda hubeba sita, na huingizwa moja moja kupitia kilango kilicho ubavuni. Kilango hicho kikiwa wazi, kuvuta kifyatulio huzungusha silinda tu, nyundo haiondoki. Ubavuni, chini ya kutu, tochi ilitoa neno BRESCIA, mji wa wahunzi wa bunduki kaskazini mwa Italia. Mji wetu umejaa Waitalia, watoto wa ufukweni wanasema Kitaliano kama maji, na bastola imelala kasha moja miaka yote hiyo tukiiita ya Mjerumani.

Hapo ndipo akaiomba hadithi.

Nilipomaliza aliniuliza babu alizaliwa lini. Kitambulisho chake kinasema 1917. Vita vya Tanga vilikuwa Novemba 1914, na jeshi lililoshuka pale lilitoka India, Keya hawakuwemo. Hesabu nyepesi namna hii, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuipiga. Kisha akaniuliza rangi za utepe wa nyota. Rangi ya mchanga, mstari mwekundu katikati, na mistari myembamba miwili ya buluu, mmoja uliokoza na mmoja mwepesi. "Hiyo ni Nyota ya Afrika," akasema, "ya vita vya pili. Walioingia Somalia na Uhabeshi waliipata pia." Waingereza hawakuandika jina la mtu juu ya nyota hizo, ndiyo maana yetu iko tupu.

Sehemu ya historia kwenye ripoti ndiyo niliyoirudia mara nyingi. Italia iliingia vitani Juni 1940, na mwaka huohuo ndege zake zikaangusha mabomu hapahapa Malindi. Mapema 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham wa Uingereza yakavuka mpaka: Kismayu ikashikwa tarehe 14 Februari, Mto Juba ukavukwa, Mogadishu tarehe 25, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Silaha za Waitalia ziliachwa kwa wingi njiani. Bodeo zilikuwa za zamani wakati huo, lakini bado zilikuwa mikononi mwa vikosi vya makoloni, vya wale waliowaita ascari, neno lilelile letu.

Nilimsomea shangazi kwa sauti. Ana miaka themanini na zaidi. Nilipofika kwenye Mto Juba alinishika mkono. "Juba! Baba alikuwa akiitaja. Alikuwa dereva wa lori, akisema walivuka usiku." Nikamuuliza, na Tanga je? "Tanga ni ya babu yangu mimi. Yeye alikuwa Kariakoo, kile kikosi cha wapagazi, akibeba mizigo ya jeshi. Alirudi na miguu mibovu, bastola hakuwa nayo." Watu wawili, baba na mwana, vita viwili, na sisi tumewasimulia miaka yote kama mtu mmoja. Yule mbeba mizigo tulikuwa tumemsahau kabisa.

Upungufu upo. Ripoti ni kurasa sita nzuri, za Kiswahili kama nilivyoomba, lakini ramani iliyoambatishwa ni nakala iliyofifia, majina ya miji hayasomeki. Siku kumi na moja ni nyingi pia, kwa kuwa aliniahidi wiki moja. Ada ni shilingi 4,500, zote za M-Pesa, nusu kabla na nusu baada. Alinieleza mapema kwamba namba iliyogongwa kwenye bastola haiwezi kunipa jina la aliyeibeba, na akakataa kuniuzia utafiti huo nilipomshikilia. Kwa hilo pekee namwamini kuliko ningemwamini kwa cheti cha ukutani.

Bastola ingali polisi, na wakili anashughulikia ombi la kuiharibu mtambo ili siku moja ikae kwenye jumba la makumbusho. Nyota imerudi kashani. Shangazi ananiuliza kila Ijumaa kuhusu yule wa Kariakoo, alipelekwa wapi, alirudi mwaka gani. Juzi nimemtumia mzee nusu ya ada kwa utafiti wa pili.