Baleti katika Semperoper ya Dresden: lipia kiti cha katikati

Mgeni anayeingia Semperoper, jumba la opera la mji wa Dresden nchini Ujerumani, kwa mara ya kwanza hawezi kudhani kwamba karibu kila anachokiona humo ndani ni kazi ya mafundi wa karne iliyopita. Jumba la kwanza, lililosanifiwa na Gottfried Semper na kufunguliwa mwaka 1841, liliteketea kwa moto mwaka 1869. La pili alilichora yeye pia, lakini aliyesimamia ujenzi ni mwanawe Manfred, kwani baba alikuwa ameukimbia mji baada ya kushiriki maasi ya 1849. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1878, likaangamizwa kwa mabomu Februari 1945, na Ujerumani Mashariki ikalijenga upya hadi likafunguliwa tarehe 13 Februari 1985, miaka 40 kamili baada ya mabomu hayo.

Fika mapema, maana kumbi zilizo nje ya ukumbi wa maonyesho zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Nguzo zinazong'aa kama marumaru kwa kweli ni plasta iliyochanganywa na rangi na kusuguliwa mpaka ikalainika, na kuta zinazoonekana kuwa za mbao za mwaloni nazo ni plasta, iliyopakwa rangi kwa mkono, mshipa mmoja mmoja wa mti. Semper mwenyewe ndivyo alivyotaka, na waliojenga upya wakajifunza tena ufundi huo badala ya kutafuta njia ya mkato. Juu ya jukwaa kuna saa isiyo na mishale: upande mmoja husoma saa kwa tarakimu za Kirumi, upande wa pili dakika, ambazo hubadilika kila baada ya dakika tano, hata aliye roshani ya juu kabisa akaweza kuzisoma.

Nilitazama Ziwa la Batamaji, lenye muziki wa Tchaikovsky. Okestra ya Staatskapelle, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1548, ni sababu tosha ya kukata tiketi: obo, ambayo ni kama zumari ya Kizungu, ilipoanza ule wimbo wa batamaji, sauti yake ilifika safi bila kulazimishwa. Kama ilivyo desturi, mchezaji mmoja hucheza nafasi mbili, Odette, binti aliyegeuzwa batamaji, na Odile, binti wa mchawi anayejifanya Odette, na aliyecheza usiku huo alizitenganisha kwa mabega na shingo tu, hata kabla hajapiga hatua. Mabinti waliogeuzwa ndege walipojipanga kwa safu na kuinua mikono pamoja, nilisikia ncha za viatu zikigusa mbao, nami sikutamani kuwa mahali pengine popote.

Safu hizo ndizo zinazonifanya nishauri roshani ya kwanza au ya pili, katikati. Anayekaa chini karibu na jukwaa huona nyuso vizuri, lakini safu ya mbele humfichia zile za nyuma, na mpangilio ndio nusu ya utamu wa baleti hii. Ukumbi una umbo la kwato la farasi, hivyo viti vya pembeni katika roshani za juu, ambavyo ndivyo vya bei nafuu, hukata sehemu ya jukwaa. Kwa opera mtu anaweza kuvumilia, kwa sababu sikio litamfidia. Kwa baleti ni heri kuongeza fedha. Asiyejua Kijerumani asisite kwenda, kwani hakuna neno linalosemwa jukwaani, ila asome kisa chenyewe kabla ya pazia kufunguliwa.