TanzLII: chombo cha bure kwa anayesoma mwenendo wa mashauri ya madai

Mwanafunzi wa sheria Tanzania anayehangaika na mwenendo wa madai aanzie TanzLII, tovuti ya taarifa za kisheria za Tanzania. Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zimo, sheria zimo, na kuzisoma hulipi kitu. Notisi za darasani zinakupa kanuni. Huku unaiona kanuni hiyo ikiangusha shauri la mtu.

Chukua mamlaka ya kifedha, yaani uwezo wa mahakama kusikiliza shauri kwa kuangalia thamani ya dai, mada inayowapiga wengi chenga. Mdai anadai deni la bidhaa shilingi milioni 45 na fidia ya jumla (general damages, ambayo kiasi chake hukadiriwa na mahakama) milioni 250. Wengi hujumlisha, wakapata milioni 295, wakakimbilia Mahakama Kuu. Hapo wamekosea. Katika shauri la Tanzania-China Friendship Textile dhidi ya Our Lady of the Usambara Sisters, [2006] TLR 70 (ripoti za hukumu za Tanzania), Mahakama ya Rufani iliweka wazi kwamba kinachopima mamlaka ni dai la msingi, si fidia ya jumla. Kwa hiyo ni Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ambazo tangu marekebisho ya 2016 ukomo wake ni milioni 200, au milioni 70 shauri likiwa la kibiashara. Kwa mali isiyohamishika ni milioni 300, au milioni 100 shauri likiwa la kibiashara. Ukishafika hapo, fungua Amri ya VII ya Sura ya 33, Sheria ya Mwenendo wa Madai: kanuni ya 1 inataka hati ya madai itaje thamani ya dai na mambo yanayoipa mahakama mamlaka, na kanuni ya 10 inairudisha hati iliyopelekwa pasipostahili, ili ikafunguliwe panapohusika.

Utafutaji una adha zake. Hukumu nyingi ni za Kiingereza, hivyo kwa mamlaka ya kifedha andika "pecuniary jurisdiction" ndani ya alama za nukuu, kisha chuja kwa mahakama na mwaka. Anza na zenye alama TZCA, yaani za Mahakama ya Rufani, maana majaji wa Mahakama Kuu hupishana misimamo na wewe unahitaji neno la mwisho. Nakala zilizoskaniwa vibaya hazionekani kwa kutafuta neno. Zitafute kwa majina ya wadaawa.

Upungufu mkubwa: ukiwa ndani ya hukumu, usitegemee kuambiwa kama msimamo wake bado unasimama. Tafuta jina la shauri hilo katika hukumu za baadaye uone limefuatwa au limeachwa. Na kabla ya kunukuu kifungu, tazama toleo la sheria zilizorekebishwa: hukumu za zamani hutumia namba za Toleo la 2002 au 2019, ilhali Toleo la 2023 ndilo linalotumika tangu Julai 2025.